Tufaha Lililookwa kwa Upepo

Eafraya, kifaa cha umeme ambacho katika miaka ya karibuni kimeanza kuonekana juu ya meza za jikoni mjini Kigoma na Ujiji, kina jina linalopotosha, kwa sababu hakikaangi. Kukaanga, kwa maana inayojulikana na kila mpishi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni kukitia chakula katika mafuta yaliyopata moto, yawe mawese kwa migebuka au alizeti kwa maandazi. Ilhali ndani ya eafraya hakuna mafuta ila yale machache yaliyopakwa, na badala yake kuna koili ya umeme upande wa juu, feni inayozunguka kwa kasi karibu na koili hiyo, na kikapu chenye matundu ambamo hewa yenye joto la nyuzi 160 hadi 200 za sentigredi hupita bila kutulia. Kazi ya kifaa hiki ni kuoka, tena kuoka kwa upepo, na mpishi anayetaka kukitumia kutengeneza kitindamlo cha tufaha, yaani kile chakula kitamu kinachofunga mlo, atafanikiwa zaidi akikihesabu kuwa tanuri dogo kuliko akikihesabu kuwa karai lisilo na mafuta.

Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyokiingiza kifaa hiki sokoni mwaka 2010, baada ya kukionesha katika maonesho ya vifaa vya umeme mjini Berlin, na wazo lenyewe lilitokana na mbunifu wa Kiholanzi, Fred van der Weij. Tangu hapo viwanda vingi, hasa vya China, vimetoa vya kwao kwa bei nafuu, navyo huingia nchini kupitia maduka ya Kariakoo au mizigo inayotumwa na ndugu walioko Dubai na Muscat. Kwa Ujiji, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo na Zanzibar chini ya wafanyabiashara wa Kiomani na Waswahili, chombo cha jikoni kutoka upande wa bahari si jambo geni.

Namna upepo unavyofanya kazi ndani ya kifaa hiki haihitaji maelezo ya maabara kwa msomaji aliyewahi kufika kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga asubuhi boti zinaporudi. Dagaa wakianikwa juu ya chanja siku ya jua kali lisilo na upepo hukauka taratibu, na upande wa chini hubaki na unyevu. Lakini siku za kipupwe, wakati kusi inapovuma kutoka upande wa kusini mwa ziwa, dagaa walewale hukauka mapema zaidi ingawa jua halijaongeza ukali. Sababu ni kwamba kitu chochote chenye maji hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyojaa unyevu, na tabaka hilo, likiachwa litulie, huzuia maji mengine yasitoke na joto lisiingie. Upepo huliondoa, hewa kavu ikashika nafasi yake, na mchezo ukaendelea hivyo hadi kitu kikauke. Feni ya eafraya hufanya kazi ya kusi, isipokuwa kwa joto la nyuzi 180 na kwa dakika badala ya saa. Faida yake kwa kitindamlo ni kwamba sehemu ya juu hukolea rangi ya kahawia na kukauka kiasi cha kuvunjika ikiumwa. Hasara yake ni kwamba kifaa hakitofautishi tufaha na dagaa, nacho kikiachiwa bila mpango kitalikausha tunda hadi liwe ngozi.

Elimu ya kuoka bila tanuri nayo si ngeni mwambaoni. Kwa vizazi kadhaa wapishi wa Kigoma na Ujiji wameoka keki na mkate wa kumimina kwa njia ya kupalia, yaani kuweka makaa machache chini ya sufuria na mengi zaidi juu ya mfuniko, ili joto lishuke kutoka juu na kuipa keki rangi kabla sehemu ya chini haijaungua. Wengine hutandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa na kuikalisha sufuria ndogo juu yake ili moto usiguse chakula moja kwa moja. Eafraya, kwa kuwa koili yake iko juu, inafuata kanuni ileile ya moto wa juu kuzidi wa chini, na mpishi aliyezoea kupalia ataielewa haraka kuliko aliyezoea jiko la gesi peke yake. Tofauti iko katika makaa yenyewe: kupalia hula mkaa kwa dakika 40 au zaidi, na mkaa wa mji huu hutoka katika misitu ya miombo ya mkoa, misitu ambayo hali yake katika vilima vinavyozunguka Hifadhi ya Gombe ilisababisha Taasisi ya Jane Goodall kuanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, kwa kushirikiana na vijiji vya ufukweni katika kupanda miti na kuhifadhi udongo.

Tunda lenyewe linahitaji kuanzwa kwenye jina. Neno tufaha, ambalo huandikwa pia tofaa, limetokana na Kiarabu, ambako lina maana ya tunda hili hili la nchi za baridi. Lakini Zanzibar na sehemu nyingine za pwani mtofaa ni mti mwingine kabisa, wenye asili ya Asia ya Kusini Mashariki, unaozaa tunda jekundu lenye umbo la pera, nyama nyeupe yenye maji mengi na harufu ya waridi. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, walipokutana na tunda la nchi za baridi katika Wimbo Ulio Bora, waliliita pera, na walipokutana nalo katika Mithali wakaandika chungwa. Uamuzi wao unaeleweka, maana wasomaji wengi wa wakati huo walikuwa hawajaliona tufaha kwa macho. Wauzaji wa leo wamelimaliza tatizo hilo kwa njia yao: katika Soko la Mwanga mjini Kigoma na kwenye sinia za wamachinga tunda hili ni epo, huuzwa moja moja, hupanguswa kwa kitambaa hadi ling'ae, na neno tufaha wameachiwa waandishi. Katika makala haya tufaha ni epo.

Asili ya epo ni milima ya Asia ya Kati, hasa Kazakhstan, ambako mti wa mwituni unaohesabiwa kuwa mzazi wake mkuu bado unaota kwenye miteremko ya Tian Shan. Mti huo uliumbika katika nchi yenye majira ya baridi kali, na machipukizi yake hulala wakati huo na kuamka tu baada ya kupitiwa na mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Bila baridi hiyo mti huchanua ovyo, au hauchanui. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe katika mji wa Kigoma, hata ule unaowafanya wazee watafute shuka ya pili, hauikaribii baridi ya namna hiyo. Ndiyo maana matufaha ya Tanzania hutoka nyanda za juu, kama vile Lushoto katika Milima ya Usambara, Njombe na Mbeya, ambako hulimwa kwa kiasi kidogo, na aina zinazofaa zaidi katika ukanda wa joto ni zile zisizodai baridi nyingi, mfano wake ukiwa aina iitwayo Anna, iliyozalishwa Israel. Mengi yanayofika sokoni, hata hivyo, hutoka Afrika Kusini. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914, na si pungufu kwa barabara. Tufaha linalofika Mwanga limekwisha kukaa ghalani, melini na kwenye lori kwa wiki nyingi, pengine miezi.

Safari hiyo ndiyo inayotoa sababu nzuri kuliko zote ya kulipika. Tufaha lililovunwa jana halina haja ya moto, lakini lililosafiri hupoteza sehemu ya ukali wake, yaani asidi yake, na gundi inayoshikanisha chembe za nyama yake hulegea, kiasi kwamba ukiliuma halitoi sauti na nyama yake husambaratika mdomoni kama unga. Gundi hiyo huitwa pektini, ndiyo hiyohiyo inayoifanya jemu igande, na asidi huilinda isivunjike upesi kwenye joto. Matokeo yake jikoni ni dhahiri: tufaha la kijani, aina ya Granny Smith, ambalo ni kali, hubaki na umbo lake likiokwa, ilhali jekundu lililo tamu, hasa lililokaa sana, hugeuka rojo. Mpishi aliyepata mekundu tu asikate tamaa, ila ayanyunyizie maji ya ndimu mara tu baada ya kuyakata. Ndimu itarudisha ule ukali, itasaidia vipande visirojeke, na itakizuia kimeng'enya kilichomo ndani ya tunda, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kisilipake rangi ya kutu linapokutana na hewa. Kuhusu ununuzi, wingi wa mng'ao si dalili ya kitu, kwa kuwa nta inayopakwa viwandani na kitambaa cha muuzaji huweza kulipamba tunda lolote. Uzito mkononi ni shahidi bora, kwa sababu tufaha zito kuliko linavyoonekana bado lina maji yake.

Maji hayo, ambayo ni takriban asilimia 85 ya tunda, ndiyo kiini cha mambo yote. Tunda haliwezi kulainika bila kupikwa katika maji yake lenyewe, na haliwezi kupata rangi kabla maji ya juu hayajakauka, kwa kuwa penye maji joto halipandi kupita kiwango cha kuchemka, ambacho kwa mwinuko wa Kigoma ni nyuzi 97 hivi. Sukari ya matunda, ambayo ndiyo nyingi zaidi katika tufaha, huanza kugeuka kahawia kwenye nyuzi 110 hivi, na ile harufu ya mkate uliookwa, inayotokana na sukari na protini kukutana kwenye joto, badiliko lililoelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, inahitaji joto zaidi ya hapo. Mapishi mengi ya eafraya yanayosambazwa huitupa kazi yote hii katika hatua moja, vipande vikawekwa wazi kikapuni kwa robo saa, na kinachotoka ni kingo zilizoungua na moyo mgumu. Njia sahihi ni hatua mbili, ya kwanza kwa mvuke na ya pili kwa upepo, na jani la mgomba, ambalo mjini Kigoma halikosekani, linaitosheleza hatua ya kwanza bila kununua karatasi ya fedha.

Kwa watu wawili au watatu hutosha matufaha mawili makubwa, yamenywe au yasimenywe kwa kadiri ya mapenzi ya walaji, yatolewe kokwa na kukatwa vipande vyenye unene wa kidole kidogo, kisha yachanganywe na kijiko cha mezani cha maji ya ndimu, kijiko kimoja cha sukari au asali na nusu kijiko cha chai cha mdalasini uliosagwa. Mchanganyiko huo hutiwa katika bakuli la bati au sufuria ndogo isiyo na mpini, inayoenea kikapuni na kuacha nafasi ya upana wa kidole kila upande ili hewa ipite. Anayeweka bakuli linaloziba kikapu kizima ameufungia upepo nje, na kifaa kitahangaika bure. Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto kidogo hadi linyauke na kung'aa, maana jani bichi hupasuka likikunjwa, halafu hufunikwa juu ya bakuli na kingo zake kukunjwa hadi chini ya kitako, zikaliwe na uzito wa bakuli lenyewe. Jambo hili la mwisho si urembo: jani lisilokaliwa hunyanyuliwa na feni, likabandikwa kwenye koili na kuwaka. Kifaa kikishapashwa moto kwa dakika tatu, bakuli huingizwa kwa nyuzi 170 na kuachwa kwa dakika kumi.

Wakati tunda likiiva ndani ya mvuke wake, huandaliwa kifuniko cha chembechembe, ambacho Ulaya hutengenezwa kwa unga na nafaka ya oti, lakini mwambaoni hukosi karanga, nazo ni bora zaidi: vijiko vitatu vya mezani vya unga wa ngano, viwili vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa zikabaki na punje, viwili vya sukari, kimoja na nusu cha siagi iliyo baridi, na chumvi kidogo. Siagi husuguliwa kwa ncha za vidole ndani ya unga mpaka mchanganyiko ufanane na mchanga uliolowa, si zaidi, kwani ukizidi kuvurugwa huwa donge. Jani likishaondolewa, kwa uangalifu kwa sababu mvuke uliokuwa umefungiwa hutoka wote kwa mara moja, chembe hizo hutandazwa juu ya matufaha na kukandamizwa kidogo kwa mgongo wa kijiko. Zikiachwa zimelegea hurushwa na upepo, na mdalasini ulionyunyizwa mkavu juu yake hupeperuka vilevile na kuwa mchungu, ndiyo maana mdalasini ulitangulia kuchanganywa na tunda. Bakuli hurudi kwa nyuzi 180 kwa dakika sita au saba, na mpishi afungue kutazama kuanzia dakika ya tano, kwa kuwa vifaa hivi havilingani nguvu.

Chumvi iliyotajwa hapo juu inastahili neno lake. Chumvi ya Uvinza, inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi penye makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi, imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, kama ulivyoonesha uchimbuzi wa akiolojia wa miaka ya 1960, na katika karne ya 19 ilikuwa bidhaa iliyovuka ziwa na kusafiri kuelekea pande zote. Kiasi kidogo cha chumvi hiyo huufanya utamu wa tufaha usikike bila kuongeza sukari. Kinyume chake, mawese, fahari ya mkoa huu na alama yake katika nchi nzima, hayafai hapa, kwa kuwa ladha na rangi yake hulimeza tunda laini kama tufaha. Mise, mafuta ya kokwa ya mchikichi, ndiyo yanayokaribia siagi kwa tabia, maana huganda kwenye ubaridi na kuyeyuka kwenye joto la kawaida la mchana, lakini yale yanayokamuliwa nyumbani kwa kokwa zilizokaangwa hubeba harufu ya moshi inayokifanya kitindamlo kinuke jiko la kuni. Asali ya miombo kutoka Kibondo au Kakonko inakubaliana sana na tufaha, ila huungua upesi kuliko sukari, hivyo mahali pake ni chini, pamoja na tunda, si katika chembe za juu.

Lipo kosa moja ambalo vitabu vya mapishi vya Ulaya havilitaji, na ambalo jikoni mwa Kigoma ni la kwanza. Eafraya nyingi hapa hutumika zaidi kwa samaki, na mafuta ya migebuka, yakishatawanywa na feni, hayabaki kikapuni tu bali hupanda hadi kwenye koili na kuta za juu, yakangoja pale hadi kifaa kitakapopata moto tena; tufaha linalofuata hutoka na mdalasini mbele na Kibirizi nyuma. Kuosha kikapu hakutoshi. Kifaa kikiwa kimechomolewa na kupoa, hupinduliwa, koili na kuta zake zikafutwa kwa kitambaa chenye maji ya moto na ndimu, kisha kikawashwa kitupu kwa dakika tano.

Suala la umeme halipaswi kurukwa, maana kwa miaka mingi mji huu ulitegemea jenereta za dizeli, na ni mwaka 2022 tu ndipo mkoa ulipoanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa kutokea upande wa Nyakanazi. Eafraya ya kawaida huhitaji wati 1,400 hadi 1,700 inapokuwa imewaka, na kwa dakika 20 za pishi hili haizidi nusu uniti ya LUKU kwa kiasi kikubwa, kwani koili hujizima na kujiwasha joto likishafika. Mkaa wa kupalia, kwa bei ya mjini, mara nyingi hugharimu zaidi ya hapo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, huzungumzwa sana kwa habari za gesi, lakini vifaa vidogo vya umeme vinavyooka kwa muda mfupi vinastahili kuhesabiwa humo. Tahadhari ni moja: waya mwembamba wa kurefushia umeme, wenye taa na simu nne juu yake, haukutengenezwa kwa mzigo huu, na eafraya ichomekwe moja kwa moja ukutani.

Kitindamlo hiki huliwa kikiwa cha moto pamoja na kitu cha baridi, na mtindi mzito wa ng'ombe wa Buhigwe au Kasulu, usiotiwa sukari, unakifaa kuliko aiskrimu ya dukani. Baada ya futari, ambapo kaimati na tambi zimekwisha kutangulia, bakuli moja huwatosha watu wanne.

Bado lipo swali la haki la msomaji wa Ujiji, mji ambao miembe yake ya enzi za misafara ingali inatoa kivuli, na ambao hata kumbukumbu ya Livingstone na Stanley ya mwaka 1871 imesimikwa kwenye miembe inayosemwa kuwa imetokana na ule waliokutana chini yake: kwa nini epo? Jibu ni kwamba embe bivu halifai kifaa hiki, kwa sababu halina asidi ya kutosha wala nyama ya kuhimili upepo, na moto huliondolea ile harufu inayolifanya liwe embe. Ndizi mbivu, hasa ile iliyoanza madoa meusi kwenye ganda, inafaa kikamilifu; ipasuliwe kwa urefu ikiwa na ganda lake, inyunyiziwe ndimu na chumvi, iokwe wazi kwa nyuzi 180 kwa dakika nane, bila jani na bila hatua ya kwanza, kwa kuwa ganda ndilo jani. Kwa bei ni sehemu ndogo tu ya gharama ya epo, na kwa ladha haipitwi mbali. Iwe ndizi au tufaha, kitindamlo kiachwe kipoe dakika tano kabla ya kupakuliwa, hasa penye watoto, maana sukari iliyoyeyuka hunata ulimini na joto lake hupita la maji yanayochemka.